Wasifu wa Marehemu Getruda Ngollo Lugembe: Mkaguzi wa Tiketi na Kompyuta Iliyofanya Kazi kwa Jina la Mumewe

Wana Goweko, majirani wa mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, ndugu wa Nzega na nyote mliofika Ijumaa hii ya tarehe 14 Machi 2025 kumlaza dada yetu katika udongo wa kwao: wasifu huu umeandaliwa na familia na unasomwa na mdogo wake, Renatus Ngollo. Tulikubaliana usipambwe. Marehemu hakupenda pambo. Kila alipoliona aliuliza limefunika nini.

Getruda Ngollo alizaliwa tarehe 3 Septemba 1957 hapa Goweko, katika nyumba za genge zilizokuwa jirani na stesheni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Ngollo, fundi wa genge la kutengeneza njia ya reli, na mama Perpetua. Kutoamini alizaliwa nako. Alipokuwa na umri wa miaka saba, abiria mmoja aligawa biskuti kupitia dirisha la treni. Watoto wenzake walizitafuna zao kabla filimbi haijalia. Getruda alimmegea kuku kipande, akachuchumaa kumtazama mpaka kivuli cha stesheni kikahama. Kuku alipoendelea kuparua bila dalili yoyote, naye akala. Mama yake alipomuuliza kwa nini anamtesa kuku wa watu, alijibu, “Yule bwana alikuwa anacheka, na hakuna aliyemchekesha.”

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Goweko kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana mjini Tabora, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Mwalimu wake wa historia alikuja kumsimulia mzee Ngollo kwamba kila alipomaliza kufundisha, mkono mmoja uliinuka nyuma ya darasa na swali lilikuwa lile lile: “Tumejuaje?” Mzee Ngollo hakujua kama mwanawe anasifiwa au anashitakiwa, akamchinjia mwalimu jogoo ili kujiweka salama.

Baada ya mafunzo ya reli alianza kazi ya ukaguzi wa tiketi mwezi Machi 1978, na akaifanya kwa miaka thelathini na tisa, katika njia za Kigoma, Mwanza na Mpanda. Abiria walimwita Mama Tiketi, na wapo waliosema anaweza kumnusa asiye na tiketi tangu behewa la tatu. Kisa kimoja alikipenda. Kati ya Urambo na Kaliua alimkuta mama mmoja amempakata mtoto aliyefunikwa kitenge gubigubi. Mtoto halii, hageuki, na nyuki wawili wanamzunguka. Getruda alikagua tiketi ya mama, akairudisha kwa heshima, kisha akamwinamia sikioni. “Mama, mwanao anavuja.” Lilikuwa dumu la asali. Behewa zima lilikufa kwa kicheko, na yule mama akalipia mzigo wake. Alipompa kijiko cha asali kama kifuta jasho, Getruda alikikataa akisema mkaguzi aliyelamba hakagui tena.

Hakuwa mtu wa kukosea mara nyingi, lakini alikosea. Siku aliyokosea, aliomba radhi kwa sauti ile ile aliyotumia kutuhumu, mbele ya watu wale wale. Wenzake walimshangaa. Yeye alisema maneno hayawezi kutoka kwa mguu yakarudi kwa kutambaa.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Samweli Lugembe, seremala kutoka Nzega aliyekuwa na karakana ndogo Ng'ambo. Kabla ya kumkubali alichukua likizo, akapanda basi hadi Nzega, akakaa kisimani kwa siku mbili akiwauliza kina mama habari za ukoo wa Lugembe. Samweli alipata habari hizo kabla mchumba wake hajarudi. Alimpokea stendi akicheka hadi machozi. “Sasa umeniachia nini cha kukuambia?” Walijaliwa watoto wawili, Julieth mwaka 1983 na Masolwa mwaka 1988. Katika maisha yake yote, Samweli ndiye mtu pekee ambaye Getruda hakumtilia shaka. “Huyo nilishamkagua,” alisema, na jambo likaishia hapo.

Samweli aliugua kifua kikuu cha aina isiyosikia dawa za kawaida. Alitibiwa zaidi ya mwaka mmoja, sindano zikimtia uziwi na vidonge vikimtia kichefuchefu, na akafariki tarehe 2 Juni 2009. Julieth alikuwa anamaliza mafunzo ya uuguzi. Aliporudi kutoka mazikoni alimwambia mama yake kwamba hataki kufanya kazi wodi nyingine yoyote ila ya kifua.

Yanayofuata hapa, marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe siku ya mazishi yake. Alisema maneno mabaya yalifika mpaka kijiji cha Ntalikwa na yale mema hayakuvuka hata mtaro wa Ng'ambo. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie, maana wapo miongoni mwetu wanaomtazama mtu fulani kwa jicho la pembeni hata leo, hapa hapa kaburini.

Mwezi Desemba 2013 Julieth aliolewa bomani na Majidi Mfaume, fundi wa kompyuta, mwana wa Bi Batuli wa Ng'ambo. Getruda hakupinga dini ya mkwewe. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi Tabora tangu usichana wake, mji ambao watu wa kila namna walipita na mizigo wakaoa wakabaki. Alichokitilia shaka ni ufundi wake. “Seremala ukimpa ubao,” alisema, “unaona anakata wapi. Huyu anafungua kitu, anakifunga, anakwambia kimepona. Mimi nimeona nini?” Kwa miaka mitano alimpikia Majidi kila alipokuja, na kwa miaka mitano hakumwacha peke yake sebuleni.

Alipostaafu mwaka 2017, Majidi alimtengenezea kompyuta ya mezani. Aliileta mwezi Mei mwaka uliofuata, akaiweka mezani sebuleni, akamwunganishia na intaneti ili azungumze na Masolwa aliyekuwa Dodoma kikazi na kuandika taarifa za umoja wa wanawake kanisani. Getruda alijifunza haraka. Alimaliza kazi yake, akaifunika mashine kwa kitambaa bila kuizima, akaenda bustanini.

Mwezi Agosti 2019 aligundua kwamba paka amehama. Zamani alilala dirishani. Sasa alilala juu ya kasha la kompyuta, asubuhi na mchana. Getruda aliweka kiganja. Kasha lilikuwa la moto. Hakuna aliyeigusa mashine ile tangu jana yake, na ndani feni ilikuwa inahema kama mtu aliyepanda mlima. Hakumwita mtu. Alivuta kiti, akakaa mbele yake kama alivyokuwa akikaa mbele ya abiria anayejifanya amelala. Kisha akasogeza kipanya.

Kioo kiliwaka. Palikuwa na mchoro wa kitu kama uzi uliosokotana, unajizungusha polepole. Chini yake maneno ya Kiingereza yalisema kazi inaendelea. Na chini ya maneno hayo, kama jina la mwenye kazi, palikuwa pameandikwa Samweli Lugembe.

Mumewe alikuwa amekaa kaburini miaka kumi.

Alisimulia baadaye kwamba hakupiga kelele. Alichomoa waya ukutani, akaitandikia mashine khanga juu kama wanavyofunika kioo kwenye nyumba yenye msiba, akatoka nje kupata hewa. Hapo ndipo alipokosea kwa mara ya kwanza katika jambo hili, kwa sababu nje alimkuta jirani yake Bi Shamimu akianika dagaa, akamwambia alichokiona.

“Mama Julieth,” Bi Shamimu alinong'ona, “hiyo si mashine. Huo ni msukule. Wamemchukua marehemu wanamfanyisha kazi.”

“Acha mambo hayo.”

“Jina lake lipo?”

“Lipo.”

“Na limeandikwa anafanya kazi?”

Getruda aligeuka akarudi ndani. Misukule hakuiamini. Lakini hakuwa tayari kuamini pia kwamba haiwezekani. Na hata ukiondoa uchawi, shaka ilikuwa na pa kukaa: kwa jina la maiti mtu anaweza kufungua akaunti, kusajili laini, kuuza kiwanja, na maiti haendi polisi. Aliyeileta mashine ni mmoja. Aliyeifungua na kuifunga ni huyo huyo.

Jumapili iliyofuata aliitisha kikao. Walikuwepo yeye, Julieth na mumewe, Bi Batuli mama yake Majidi, na Renatus. Khanga iliondolewa, waya ukachomekwa, na jina likaonekana na wote. Bi Batuli aliguna, “Subhana Allah.” Julieth aliutazama mkeka.

Majidi alieleza. Alisema wapo wataalamu wa chuo kikuu ng'ambo ya bahari wanaotafuta dawa ya kifua kikuu kile kisichosikia dawa. Hesabu ya kazi hiyo ni kubwa mno kwa mashine zao. Basi huigawa vipande vidogo vidogo na kuvituma kwa watu waliojitolea duniani kote. Kompyuta ya nyumbani ikiwa imekaa bure, hupokea kipande, hukokotoa, hurudisha jibu, na kuchukua kingine. Haisomi barua za mwenye nyumba, haigusi picha zake.

“Umewaona watu hao?” Getruda aliuliza.

“Hapana, mama.”

“Umefika kwao?”

“Sijafika.”

“Umejuaje kwamba kinachohesabiwa ni dawa na si sumu?”

“Ninawaamini, mama. Wameandika kila kitu wazi, na watu wengi wamewakagua.”

“Mimi sijawakagua.” Getruda aliinuka. “Babu wa babu yetu alitoka Unyanyembe kwa upagazi, mzigo kichwani mpaka Bagamoyo. Ulishonwa, hakuruhusiwa kuufungua. Alirudi hajui alibeba nini, na mpaka leo ukoo huu haujui kama alibeba mali ya watu au alibeba balaa. Yeye hakuwa na la kufanya. Mimi ninalo. Umempokea mgeni usiyemjua, ukampa chumba ndani ya nyumba yangu, ukamvisha jina la mume wangu. Sasa sema. Jina hili aliliandika nani?”

Majidi alimtazama mkewe, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

“Ni mimi, mama.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Sikuomba ruhusa.”

“Basi toka. Na usirudi.”

Bi Batuli aliufunga ushungi wake vizuri kabla hajasimama. “Mkwe,” alisema, “mwanangu si mwizi. Lakini nyumba ni yako.” Wakatoka mama na mwana. Julieth alibaki kidogo mlangoni kama anayetaka kusema neno, kisha akawafuata.

Kilichofuata kila mkazi wa Ng'ambo anakijua, na wengi tulishiriki. Maneno ya Bi Shamimu yalifika gengeni kwa wauza mboga kabla ya jioni. Ikasemwa Majidi anatia wafu kwenye mashine. Ikasemwa ukimpelekea simu yenye picha ya marehemu wako, umempelekea na marehemu. Mwalimu mmoja alikwenda kuchukua kompyuta yake ikiwa bado imefunguliwa, vipande kwenye mfuko. Watu waliokuwa wakipiga foleni kwenye kibanda chake cha ufundi walianza kuvuka barabara. Getruda hakuyasema maneno hayo ya misukule, lakini hakuyakanusha pia, na kimya cha mtu anayejulikana kwa kuuliza maswali kilihesabiwa kuwa ushahidi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Majidi alifunga kibanda chake. Julieth aliomba uhamisho, wakaenda kuishi Nzega na binti yao mdogo, Asmahani, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu. Bibi yake Getruda alimwona mtoto huyo mara moja kwa mwaka, katika chumba cha wageni cha ndugu mwingine, na baba yake akiwa hayupo.

Lakini mkaguzi haachi safari katikati ya stesheni mbili. Jambo lile lilimkaa Getruda kama mfupa wa samaki kooni. Mwaka 2022 alimfuata Najiat, mwalimu kijana wa somo la kompyuta aliyehamia mtaani, mgeni asiye na upande, akamwomba aje nyumbani Jumamosi asubuhi.

“Shikamoo, mama. Ni nini kimeharibika?”

“Marahaba. Hakijaharibika kitu. Kaa, unifundishe namna ya kumshuku aliye ndani ya mashine hii.”

Walianza upya. Najiat alimwonyesha kila kilichokuwa ndani ya mashine, na Getruda akauliza kila kimoja kinaingilia wapi na kutokea wapi. Hakuridhika. Akatega mtego wake mwenyewe: aliandika barua ya uongo, akaihifadhi humo humo, kwamba anauza shamba la Goweko kwa bei ya kutupa na anamtafuta mnunuzi kimyakimya. Kisha akairuhusu programu ile ifanye kazi, akasubiri kuona ni dalali gani atabisha hodi. Miezi miwili ilipita. Hakuna aliyebisha.

“Sasa umeridhika, mama?” Najiat aliuliza.

“Mwizi mwenye akili hanunui shamba Goweko,” Getruda alijibu. “Endelea.”

Ndipo Najiat alipofungua ukurasa wa akaunti yenyewe, ule ambao kila aliyejitolea anakuwa nao. Ulionyesha jina, nchi, na tarehe ya kujiunga. Ilikuwa tarehe 2 Juni 2018.

Getruda aliomba aisome mwenyewe. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaisoma tena. Majidi alianza kumfahamu Julieth mwaka 2011. Samweli alikuwa amekwisha kufariki, hawakuonana. Tena Majidi ni kijana ambaye husahau hata siku yake ya kuzaliwa. Lakini kila tarehe 2 Juni, siku aliyofariki Samweli, yupo mtu mmoja katika familia hii ambaye halii, hasemi, ila hashiki chakula mpaka jua lizame, na mtu huyo hakuwa Majidi.

“Zima, mwanangu,” alimwambia Najiat. “Nimemaliza.”

Siku ya pili alipanda basi la Nzega. Alimkuta Julieth nyuma ya nyumba, anafua sare za kazi. Hakukaa, na chai hakuikubali.

“Julieth. Tarehe mbili Juni, mwaka ule nilioletewa kompyuta. Uliingia nyumbani kwangu nikiwa kanisani?”

Julieth aliacha nguo ikazama kwenye beseni. “Ndiyo, mama.”

“Jina la baba yako aliliandika nani?”

“Ni mimi.” Alianza kulia bila kujificha. “Majidi alitaka akuombe kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia asikuombe. Yeye aliiweka ile programu kwa sababu nilimlilia.”

“Kwa nini usiniombe?”

“Ungekagua, mama. Ungekagua mpaka baba afe mara ya pili. Mimi kila siku nilikuwa nawapa watu dawa zile zile zilizomtia baba uziwi. Nilitaka kitu kimoja tu kifanyike kwa jina lake, bila kuulizwa.”

“Na mumeo? Kwa nini alisema ni yeye?”

“Aliona ningesema mimi, ungeniondoa mimi kwako. Akaniambia, ‘Acha. Mimi ni mtu wa kuja, nimezoea kutoaminiwa.’ Nikamwacha abebe. Miaka mitatu, mama, nimemwacha abebe.”

Walikaa chini wote wawili, kwenye saruji yenye maji. Getruda aliuliza kama dawa yenyewe imepatikana. Julieth alitikisa kichwa. Alisema hajui kama itapatikana, wala hajui kama kipande kimoja kilichokokotolewa Ng'ambo kina uzito wowote. “Ila mashine ilikuwa imekaa tu, mama. Na baba hakuwa mtu wa kukaa tu.”

Majidi alikuwa akitengeneza simu kwenye kimeza karibu na stendi ya Nzega. Alipomwona mama mkwe wake anakuja alisimama, bisibisi mkononi, na wateja wake wakasogea kumpisha mama mtu mzima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Usikae. Na nyinyi msiondoke, nimewakusudia.” Sauti yake ilikuwa ile ya behewani. “Mimi naitwa Getruda Ngollo, nimetoka Tabora. Kijana huyu nilimfukuza nyumbani kwangu mbele ya mama yake mzazi kwa kosa ambalo hakulifanya. Watu wakamsingizia mambo, na mimi niliyekuwa najua kuuliza sikuuliza. Nimemkosea. Nasema hivyo mkiwa mnasikia.”

Majidi alikosa pa kuweka macho. Aliuliza kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo umeniamini, mama?”

“Bado,” Getruda alisema. “Lakini nimekukosea. Hayo ni mambo mawili. Kwanza uliweka kitu nyumbani kwangu bila kuniambia, na hilo tutalizungumza. Jumapili njoo ule.”

Akarudi Ng'ambo. Alikwenda kwanza kwa Bi Batuli, akakaa chini kwenye mkeka, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamekwisha kulikataza. Bi Batuli alimwacha aseme mpaka mwisho. Kisha alisema, “Maneno yako nimeyapokea, mkwe. Wateja wake utamrudishia wewe?” Getruda alisema atajaribu. Akapita nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa Bi Shamimu, akieleza. Wapo walioelewa. Wapo waliomsikiliza kwa adabu na, alipogeuka, wakasema sasa na yeye wamemwingiza kwenye mashine. Majidi na Julieth walirejea Tabora mwezi Aprili 2023. Kibanda kilifunguliwa tena, na mpaka leo kina nusu ya wateja wa zamani. Familia inayasema haya bila kumlaumu mtu. Tunaomba tu kila mmoja ajikague.

Kuhusu kompyuta, Getruda alitoa masharti. Jina la Samweli libaki. Swichi iwe mkononi mwake mwenyewe. Na programu ifanye kazi mchana, yeye akiwa macho. Kila siku baada ya chai aliiwasha, akakaa mbele yake na ungo wa karanga, akibangua huku anautazama ule uzi unavyojizungusha. Hakuwahi kusema anawaamini wale wataalamu. Alisema anawasimamia. Mgeni aliyekaribia meza alionywa mapema: “Usiguse hapo. Samweli yuko kazini.”

Mwezi Novemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumwishia akitembea hatua chache. Hospitalini mjini Tabora walikuta moyo umechoka. Alilazwa mara tatu. Wauguzi watakumbuka kwamba hakutundikiwa chupa ya maji bila kuigeuza kwanza na kusoma tarehe, na kwamba daktari aliyemwambia “utapona tu, mama” aliulizwa amejuaje. Majidi ndiye aliyempeleka na kumrudisha, akimbeba ngazini, na jirani wa kitanda akadhani ni mwanawe wa kumzaa.

Mchana wa Jumapili tarehe 9 Machi, wodini, Julieth akiwa ametoka kufuata uji, Getruda alinyoosha mkono chini ya mto akavuta mkoba wake mweusi wa ngozi. Mkoba huo alizoea kulala nao tangu enzi za treni. Hakuna aliyewahi kuushika, si sisi ndugu zake, si watoto, hata Samweli aliombwa ageuke akiufungua. Alimpa Majidi aliyekuwa amekaa kando ya kitanda.

“Niuweke wapi, mama?”

“Ukae nao. Mkono umechoka.”

Akageukia ukutani akalala usingizi mzito, na Julieth, aliyemkuta hivyo aliporudi, anasema hakuwahi kumwona mama yake akilala hivyo mbele ya mtu.

Getruda Ngollo Lugembe alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha watoto watatu: Julieth, Majidi na Masolwa. Ameacha mjukuu mmoja, Asmahani. Mdogo wake, Renatus. Mkwe mwenzake, Bi Batuli. Na majirani wa Ng'ambo aliowapenda kwa namna yake.

Mungu amlaze pema karibu na Samweli, na ampe pumziko la amani. Amina.